Usukani wa gari la umeme la mtoto: ufungue kwa spana, si kwa nyundo

Magari ya kuchezea ya umeme ninayoletewa kwa ubovu wa usukani mara nyingi hayajavunjika popote. Yamelika tu. Mtoto anakata kona, gurudumu linachelewa kufuata. Ananyoosha, gari bado linakwenda upogo. Kubadilisha kilicholika ni kazi ya dakika chache. Kinachochosha ni kukifikia, maana gari lilifungwa kiwandani mara moja, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atalifungua.

Ligeuze chali ulitazame. Fimbo ya usukani ni chuma chembamba. Juu kimefungwa kwa boliti moja inayopita katikati ya usukani, chini kimekunjwa kama ndoano, na ncha ya ndoano imeingia kwenye tundu la ubapa wa chuma unaounganisha magurudumu mawili ya mbele. Mtoto akizungusha, ndoano inausukuma ule ubapa kushoto au kulia. Hapo hapana bushi (kijibomba kinachokaa kati ya vyuma viwili visisagane) wala beringi. Ni chuma kwa chuma, sentimita chache juu ya vumbi na maji.

Chukua mfano wa ndoano yenye kikono cha milimita 40. Tundu likilika hadi kuacha nafasi ya milimita 2, fimbo inazunguka karibu nyuzi 3 bila kusukuma chochote. Kwenye ukingo wa usukani wenye kipenyo cha sentimita 20, hiyo ni kama milimita 5. Si balaa. Lakini ongeza ulegevu wa boliti ya juu, wa ncha mbili za ubapa na wa pini mbili zinazogeuza magurudumu, kisha uone mtoto anavyozungusha sana kabla gari halijashtuka.

Adui wa kwanza wa fundi ni vile vikofia vya bati vyenye meno ndani, vilivyopigwa nyundo kwenye ncha za ekseli. Vinaingia, havitoki, ukiking'oa kimoja, umekiua. Mimi nikivitoa sivirudishi. Ekseli ikiwa na ncha ya ziada ya kutosha, naikata uzi kwa dai (kifaa cha kukatia uzi wa boliti) na kufunga washa (kipete bapa cha chuma) na nati yenye pete ya nailoni, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Uzi uishie nje ya gurudumu. Ukiingia ndani, plastiki itazunguka juu yake na kusagwa kama kwa tupa. Ncha ikiwa fupi, natoboa tundu dogo la kukatisha, naweka washa na spliti pini, kisha nakunja miguu yake vizuri isije ikamchana mtu. Kwa vyovyote vile, usikaze hadi gurudumu ligome. Liache lizunguke lenyewe.

Kwenye ubapa ndiko marekebisho yenyewe yalipo. Tundu lililolika huwa limekuwa na umbo la yai, kwa hiyo nalitoboa upya liwe duara na kupachika bushi ya nailoni. Ndoano inapita ndani ya bushi, washa juu na chini, spliti pini mwishoni. Kwenye ncha za ubapa natumia boliti na kipande cha bomba la chuma ndani ya bushi, kilichozidi kwa nusu milimita unene wa vitu vinavyozunguka. Boliti inabana bomba, bushi inabaki huru. Bila hicho kipande utahangaika: ukikaza, usukani unakuwa mgumu, ukilegeza, unacheza.

Unapotoboa upya, usihamishe katikati ya tundu, maana mahali pake panaathiri jinsi magurudumu yanavyokata. Gurudumu la ndani ya kona linatakiwa kukata zaidi kuliko la nje, jambo ambalo Georg Lankensperger wa Munich alilifanyia kazi kwenye mabehewa ya farasi, na Rudolf Ackermann akalisajilia hataza Uingereza mwaka 1818. Magari mengi ya kuchezea hayalizingatii sana, ila hiyo si sababu ya sisi kuyaharibu zaidi.

Wapo wanaoondoa kila kitu na kufunga bolijointi za chuma, yaani viungo vya kichwa cha duara kama vya gari kubwa. Nami nilifanya hivyo, kwa gari moja. Lilikuwa zuri kuendesha hadi mtoto alipogonga ukuta. Bolijointi hazikutikisika, nguvu yote ikaenda kwenye plastiki inayoshika pini ya gurudumu, ikapasuka. Tangu hapo nataka nailoni ndiyo iumie kwanza, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuibadilisha.

Mwisho natoboa mlango chini ya miguu ya mtoto, mkabala na ndoano. Kwanza chomoa betri yenyewe. Kuzima swichi hakutoshi, maana spana ikigusa nguzo mbili za betri ya volti 12 inaweza kukuunguza. Angalia nyaya zinapopita. Kata kati ya ubavu na ubavu wa plastiki, usizikatishe mbavu zenyewe, na pembe za tundu ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndiyo huanzisha ufa. Kifuniko kizidi tundu pande zote na kifungwe kwa skrubu nne. Gari likiwa na mota ya usukani kwa ajili ya rimoti, usilazimishe magurudumu kwa mkono: giaboksi yake ni ya meno madogo ya plastiki.

Grisi ninayotumia ni ya silikoni, kidogo, ndani ya bushi tu. Inayobaki nje inakusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa dawa ya kusugulia.

Kupima ni rahisi. Shikilia gurudumu moja la mbele lisigeuke, kisha chezesha usukani taratibu na upime mwendo wake wa bure ukingoni. Mimi navumilia sentimita moja. Ikizidi, nafungua skrubu nne, nachomoa pini, napachika bushi mpya.