Fleti za Kabla ya Vita Greenwich Village: Dhana Zinazowatia Wanunuzi Hasara

Wateja wanaotaka kununua fleti ya kifahari Greenwich Village, mjini New York, katika yale majengo marefu ya matofali yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, hufika kwangu wakiwa wameshachagua rangi ya makabati ya jikoni, na karibu wote husema neno lilelile: nikishalipa, nyumba ni yangu. Dhana hii imenichosha, kwa sababu hakuna nyingine inayowagharimu watu kiasi hicho.

Majengo mengi ya aina hiyo ni ya ushirika. Mnunuzi hapati hati ya kumiliki fleti, bali hununua hisa za shirika linalomiliki jengo zima, na pamoja na hisa hizo hupewa mkataba wa upangaji unaompa haki ya kukaa katika fleti fulani. Kisheria ni mwanahisa na papo hapo ni mpangaji, na asipolipa ada ya kila mwezi shirika linaweza kuuvunja mkataba na kumtoa, hata kama bei ya ununuzi aliilipa yote taslimu. Ada hiyo si ya kumlipa bawabu na kusafisha ngazi tu. Ndani yake mna kodi ya majengo ya jiji na, mara nyingi, marejesho ya mkopo ambao shirika lenyewe limeuchukua kwa dhamana ya jengo.

Vilevile haitoshi kukubaliana bei na muuzaji. Bodi ya shirika hupitia hesabu zako za kodi ya mapato, akiba na madeni, kisha hukuita kwa mahojiano, na kwa desturi ikikukataa haikuelezi sababu, ingawa sheria inaikataza kukubagua kwa rangi, dini au taifa ulikotoka. Bodi hiyohiyo ndiyo huamua unaweza kukopa sehemu gani ya bei, kupangisha kwa muda gani, na kama bafu linaweza kuhamishiwa juu ya chumba cha kulala cha jirani wa chini, ombi ambalo aghalabu hukataliwa. Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa mteja anayekereka, kwamba kabla ya kutia saini tusome kumbukumbu za vikao vya bodi na hesabu zilizokaguliwa. Humo ndimo utakapokuta mstari mmoja mfupi kwamba bomba la wima linalohudumia fleti za upande wako limevuja tena, au kwamba matengenezo ya kuta za nje yamesogezwa hadi mwakani. Majengo yenye zaidi ya ghorofa sita sharti kuta zake zikaguliwe kila baada ya miaka mitano, na fedha zisipotosha wanahisa hutozwa mchango wa ziada.

Wengine huamini kwamba katika mtaa wa kihistoria huruhusiwi kugusa chochote. Sehemu kubwa ya Greenwich Village ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1969, lakini hifadhi hiyo hulinda sura ya nje. Jiko waweza kulivunja bodi ikikubali na vibali vya ujenzi vikipatikana. Dirisha la mbele hulibadilishi bila idhini ya Tume ya Hifadhi ya jiji.

Unene wa kuta nao usikudanganye. Kuta hizo hupunguza kweli kelele za jirani, ila hazikuambii lolote kuhusu mabomba ya chuma yaliyooza kwa ndani wala nyaya zisizohimili viyoyozi na majiko ya leo.

Wapo pia wanaodhani kwamba fleti hizi zilikuwa makazi ya wasanii. Ni kweli mtaa ulikuwa wao, lakini wengi wao walipanga vyumba katika nyumba za zamani zaidi kuliko hizi. Majengo kama yale ambayo kampuni ya Bing & Bing iliyajenga karibu na Abingdon Square yalilengwa tangu mwanzo kwa wapangaji wenye uwezo.

Mwisho, wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa wananunua hisa hawatozwi ile kodi ya nyumba za kifahari inayolipwa wakati wa ununuzi. Wanatozwa. Huanzia asilimia 1 kwa bei ya dola milioni 1, hupanda hadi asilimia 3.9 kwa dola milioni 25 na zaidi, na kwa kawaida mlipaji ni mnunuzi, kwa hiyo fedha zake zitengwe mbali na malipo ya awali.