Mtoto Ana Wenyewe: yanayosemwa Bagamoyo kuhusu wafadhili na yatima

Kwa miaka sita, Jumamosi moja kila mwezi, nilikuwa nakaa chini ya mwembe nje ya kanisa moja hapa Bagamoyo nikiwasaidia watoto kuandika barua kwa wafadhili wao. Wengine wafadhili wao walikuwa Marekani, wengine Ujerumani, wengine Korea Kusini. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Siku moja binti wa miaka tisa kutoka Magomeni akafika kwenye swali la fomu linalouliza kama yeye ni yatima. Baba yake alikufa baharini, ngalawa yao ilipopinduka. Akainua kichwa: "Mwalimu, niandike ndiyo? Mama si yupo nyumbani anachoma vitumbua?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tangu siku ile nimekuwa nikitega sikio kila watu wanapozungumzia kazi hii ya wafadhili wa mbali kuwasaidia watoto wetu, iwe barazani, ndani ya daladala za Makumbusho au kwenye matangazo baada ya misa. Yanasemwa mengi, na mengi si kweli.

"Yatima ni mtoto asiye na mtu"

UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima wapatao milioni 140. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15.1. Maana yake karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na mama au baba aliye hai. Sisi watu wa pwani tunayo maana nyingine tena: kwa sheria ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe, na mama akiwepo hilo halibadiliki. Basi yule binti ni yatima kwa UNICEF, ni yatima kwa shehe wa mtaa wake, na jioni bado anakaa miguuni pa mama yake asukwe nywele.

Hata waliofiwa na wote wawili huwa na bibi, shangazi, mama mdogo, baba mkubwa. Msemo wetu wa "yatima hadeki" hausemi kwamba yatima yuko peke yake porini. Unamsema mtoto aliye ndani ya nyumba ya watu, anakula nao, ila hana wa kumdekea.

Nakumbuka mgeni mmoja aliyesimama mbele ya watoto kituoni akasema kwa uchungu kwamba hawa hawana mtu duniani. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, akina mama wanne walikuwa wamekaa na ndoo zao za karanga wakisubiri watoto wamalize waende nao nyumbani. Nilitafsiri nusu ya hotuba ile. Nusu nyingine niliimeza.

"Ukitaka kusaidia yatima, jenga makao"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapokwendea.

Picha ya makao makubwa ya yatima tuliipokea kutoka Ulaya. Mmoja wa Wakristo waliosifika sana kwa kazi hiyo ni George Müller, aliyeanza mwaka 1836 katika mji wa Bristol, Uingereza, kwa nyumba ya kupanga ya wasichana 30. Kufikia mwaka 1870 alikuwa na majengo matano yenye nafasi ya watoto 2,050, na alijulikana kwa kutomwomba mtu fedha, akasali tu na kungoja. Ushuhuda wake bado unahubiriwa makanisani kwetu. Kisichohubiriwa ni kwamba shirika lake lenyewe liliyauza majengo yale mwaka 1958 na kuhamishia watoto kwenye nyumba ndogo ndogo. Waingereza walikwisha kuona kwamba mtoto hakui vizuri ndani ya bweni.

Sababu zilikuja kuelezwa kisayansi. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika makao ya serikali mjini Bucharest, Romania. Nusu walihamishiwa kwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya pale. Waliokwenda kwenye familia waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na watu, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika zaidi. Makaoni chakula na vitanda vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja yule yule wa kumbeba mtoto kila siku, kwa sababu walezi wanapokezana zamu.

Lakini kuna jambo ambalo mtafiti wa Bucharest asingelijua, la kwetu hapa. Kijana akitimiza miaka 18 na kutoka makaoni, swali la kwanza analokutana nalo ni "kwenu wapi?" Akitaka kuoa, nani atampelekea posa? Binti akichumbiwa, mshenga abishe hodi kwa nani? Akifiwa na mtoto, matanga yanawekwa nyumba gani? Nimekaa kwenye harusi moja ambayo upande wa bwana harusi walikuja mpishi na mlinzi wa makao alikokulia. Walivaa vizuri, wakazungumza vizuri. Ila kila mtu ukumbini alijua, na bwana harusi alijua kwamba wanajua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao hayaruhusiwi kuendeshwa bila leseni. Mtoto haingii kwa kuletwa na jirani mwenye huruma. Afisa ustawi wa jamii lazima ahusike. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala nao unaliweka bweni mwisho kabisa, baada ya ndugu na familia za kuwalea.

Sisemi makao yote yafungwe kesho. Mama akifariki wakati wa kujifungua, kichanga kinahitaji maziwa usiku huo huo, na maziwa ya kopo ni ghali kuliko mshahara wa wengi. Zipo nyumba za kanisa nchini zinazopokea vichanga wa namna hiyo, ndugu wakiendelea kuja kuwaona, kisha mtoto anarudishwa kwao akishaweza kula. Hao wanajua wanachokifanya.

"Misaada hii ni fedha za matajiri wa Ulaya, na haina madhara"

Nenda pale Misheni, kwenye misheni ya zamani ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, upite barabara ya miembe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Unguja, na kijiji walichokianzisha kilijaa watoto waliokombolewa utumwani. Wageni huonyeshwa mnara ambao mwili wa mmisionari David Livingstone ulilala humo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mimi huwa nawaonyesha kitu kisichoonekana, yaani zilikotoka fedha. Sehemu kubwa ilitoka kwa watoto. Chama cha Utoto Mtakatifu kilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na mwanachama alikuwa mtoto anayetoa senti moja kila mwezi na kusali Salamu Maria moja kila siku. Kilianza kwa ajili ya watoto wa China, kikafika hadi kwetu. Watoto wa Utoto Mtakatifu unaowaona leo na skafu zao parokiani ni wa chama hicho hicho, nao wanatoa sadaka kwa ajili ya watoto wenzao.

Kwa hiyo senti ya mtoto wa Ufaransa ilimnunua mtoto wa Kiafrika sokoni Unguja. Ninasema ilimnunua kwa makusudi. Waliopinga utumwa wakati ule waliuliza swali gumu: padri akinunua ili kuweka huru, je, mfanyabiashara anajua tofauti? Kwake ni mteja mwingine. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na swali likaonekana limekwisha. Na watoto wa Misheni hawakuishi peponi: walilima, walijifunza ufundi, waliamkia kengele, na wapo waliotoroka.

Swali lile limerudi kwa sura nyingine. Uchunguzi wa Bunge la Australia kuhusu utumwa wa kisasa, uliotoka mwaka 2017, ulieleza jinsi katika baadhi ya nchi watoto wanavyochukuliwa kwa wazazi wao na kujazwa kwenye makao kwa sababu wageni wa kujitolea na michango yao wanahitaji yatima wa kuwaona. Mtu anayetoa kwa moyo safi hawezi kuamini kwamba fedha yake ndiyo iliyomtoa mtoto kwao. Bagamoyo ni mji wa watalii, na bango lenye picha ya mtoto anayelia nimeliona zaidi ya mara moja. Ukiliona, uliza leseni kwanza, kisha uliza jambo moja tu: mwaka jana mmerudisha watoto wangapi kwa ndugu zao? Anayefanya kazi ya kweli atakuwa na hesabu hiyo kichwani.

"Hela ya mfadhili inaliwa yote," au "mtoto anapewa hela mkononi"

Nimeyasikia yote mawili, wakati mwingine kwa mtu mmoja siku moja. Mashirika hayafanani. Compassion, lililoanzia kwa yatima wa vita vya Korea mwaka 1952, hufanya kazi kupitia kanisa la mahali. Mtoto anaendelea kuishi kwao, anakuja kituoni siku zake, anapimwa afya, anapata daftari, sare, chakula cha siku hiyo. World Vision, lililoanzishwa mwaka 1950, huziweka fedha za wafadhili wa eneo moja pamoja zikafanye kazi ya jamii nzima, kama kisima au darasa. Ndiyo maana mzazi wa eneo kama hilo anaweza kuapa kwamba mwanawe hajapewa kitu, huku akiwa ameshika ndoo ya maji ya kisima hicho.

Je, inasaidia? Watafiti watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, waliwatafuta watu wazima waliofadhiliwa utotoni na Compassion katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, wakawalinganisha na ndugu na majirani ambao hawakufadhiliwa. Jumla walichunguza watu 10,144. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliofadhiliwa walisoma zaidi ya wenzao kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Si muujiza, ila ni kitu. Na hao walilala nyumbani kwao siku zote.

Ugomvi wa kweli haumo kwenye wizi wala muujiza. Umo kwenye nyumba ya watoto watano ambamo mmoja tu ana mfadhili. Viatu vipya jozi moja. Mama mmoja alikuwa akivificha uvunguni hadi Jumatatu asubuhi.

"Elimu ni bure sasa, wafadhili wa nini?"

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana havikufutwa.

"Wanawatafuta watoto wa Kiislamu wawabatize"

Bagamoyo wengi wetu ni Waislamu, kwa hiyo hofu hii si ya kuchekwa, na historia ya Misheni haisaidii: katika kijiji cha waliokombolewa, ubatizo ulikuwa sehemu ya maisha. Leo inategemea umefika mlango gani. Yapo mashirika ya Kikristo yanayotoa msaada bila kufundisha dini kabisa. Yapo yanayopokea watoto wa imani zote bila kuwalazimisha kubadili, lakini Biblia ni sehemu ya ratiba na hawaifichi. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini, na kituo kinachojibu kwa mafumbo si cha kukiamini. Mzee mmoja wa Dunda alimaliza suala hili kwa sentensi moja aliyomwambia mratibu wetu: "Mjukuu wangu atakuja, lakini saa ya chuo cha Kurani arudi." Ratiba ikasogezwa, na wakaja watoto wengine sita wa mtaa ule.

"Mfadhili akimpenda mtoto anaweza kumchukua Ulaya"

Hawezi. Ufadhili haumpi mtu haki yoyote ya malezi. Raia wa kigeni anayetaka kuasili mtoto hapa lazima awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, amlee kwanza mtoto huyo chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, kisha shauri liende Mahakama Kuu.

Bibi mmoja wa Kaole hakuwa na habari hiyo, akawa anazizuia barua za mfadhili wa mjukuu wake. Zilikuja sita, zote akazitia chini ya godoro. Nilikwenda kwake, nikakaa mkekani, nikamweleza sheria mara mbili. Akasikiliza, akanyamaza, akatoa barua ya saba iliyofika wiki ile, akaruhusu isomwe kwa sauti. Mfadhili alikuwa anauliza kama mbuzi waliyenunua kwa zawadi ya Krismasi amezaa.

"Mwambie watatu," akasema bibi. "Ila mmoja kafa."