Makimbilio ya ndege wahamao: mfano wa Bahi

Neno "makimbilio" lisikufanye uwaze uzio, geti na askari wa wanyamapori. Makimbilio ya ndege wahamao ni mahali penye maji, matope na matete, ndege aliye safarini akashuka, akala, akalala bila kusumbuliwa, kisha akaendelea na safari. Mara nyingi huwa kandokando ya mto, au pale mto unapoishia.

Dodoma tunayo mbuga ya Bahi. Mbuga hapa ni kwa maana yake ya zamani, bonde la udongo mweusi linalofurika kifuku, wala si hifadhi ya utalii. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa, unafika Bahi na kukomea hapo, hauendi baharini. Maji yanatandaa, jua linayanywa, chumvi inabaki. Yakiwa yamejaa, wadudu na vyura huzaliana, watu hulima mpunga na kuvua samaki, nao ndege hushiba.

Mchukue mbayuwayu. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na kutoka Ulaya anavuka jangwa la Sahara kwa mabawa yake mwenyewe. Anatufikia Oktoba au Novemba, wakati Dodoma bado ni vumbi. Miezi hiyo mzigo hubebwa na mabwawa ya Hombolo na Mtera. Machi na Aprili, anapojiandaa kurudi, ndipo Bahi huwa na maji. Hapo ananenepa, kwa sababu mafuta ya mwilini ndiyo akiba yake ya njiani, na jioni makundi hulala kwenye matete. Kwa hiyo sehemu moja haitoshi. Ndege anahitaji mlolongo wa vituo, kila kimoja kwa msimu wake, na kimoja kikikauka safari nzima inayumba.

Kuna Mkataba wa Ramsar wa 1971 unaolinda ardhioevu. Tanzania ilijiunga mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha ya mkataba huo, Malagarasi-Muyovozi likiwa la kwanza. Bahi haimo, jambo linaloniuma. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwangu mita hizo za Bubu ndizo ulinzi wa kweli wa ndege wa Bahi. Kondoa, unakotoka mto huo, wanajua ardhi isiyo na majani inavyofanya: ilimomonyoka hadi ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Nyasi na miti vikarudi.