Huna mkataba wa karatasi? Bado unaweza kudai mshahara wako

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya wanachuo na vibarua hapa Dodoma: "Kama hukusaini mkataba, huna cha kudai." Si kweli. Tafadhali usiusambaze, anayenufaika nao ni mwajiri asiyetaka kulipa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, saa, malipo. Shauri likifika mbele na mwajiri hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, si kijana aliyetoka Kondoa kuja kubeba zege Mtumba. Kifungu ni kifupi, kisome mwenyewe.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu maandishi kweli hurahisisha madai. Basi tunza ulichonacho: meseji ya "kesho njoo saa moja", muamala wa simu wa wiki iliyopita, picha ya daftari la mahudhurio. Na usingoje "mwisho wa mwezi" usiofika (ahadi hiyo tunaijua): madai ya mshahara hupelekwa kwenye usuluhishi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.