Je, wajua kwa nini mzee hasikii kiu hata jasho likimchuruzika?

Msimu wa kaskazi, viwanja vya Maisara mjini Unguja huwa na wafanya mazoezi tangu alfajiri, wazee kwa vijana. Mwulize mzee aliyerowa fulana mpaka mgongoni, "Babu, nikuletee maji?" Atakujibu, "Sina kiu, mwanangu." Na anasema kweli. Hapo ndipo penye hatari.

Kiu huanzia ubongoni. Jasho likitutoka, damu hukolea chumvi, na ubongo ukigundua hutuamrisha kunywa. Umri ukienda, amri hiyo huchelewa na hufifia. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwaweka vijana na wanaume wa miaka 67 hadi 75, wote wenye afya njema, kwa saa 24 bila kunywa maji. Damu za wazee ndizo zilizokolea zaidi, lakini wao ndio waliosikia kiu kidogo. Hata maji yalipoletwa, walikunywa kidogo kuliko vijana. Figo za uzeeni nazo hazizuii maji kama zamani, basi mzee anapoteza zaidi na kuhisi kidogo.

Kwa hiyo mzee asingoje kiu. Anywe glasi ya maji kabla ya kutoka, apige mafunda kila baada ya dakika 15 au 20, na anywe tena akirudi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepimiwa maji na daktari afuate kipimo chake. Dafu ni kinywaji kizuri, ila lina potasiamu nyingi. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu, aulize kwanza.

Kuna na suala la jasho lenyewe. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini limepotea bure. Kuanzia Disemba hadi Machi hewa ya visiwani imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, ndiyo lile fukuto tunalolilalamikia. Mzee hutoa jasho kidogo kuliko kijana, na mishipa ya ngozi yake haipanuki upesi kutoa joto nje. Kumlowesha maji na kumpepea kunasaidia kuliko kumfuta kwa taulo.

Mwili huzoea hari kwa wiki moja hadi mbili, na wa mzee huchelewa. Siku ya mazoezi ya viungo kitaifa Zanzibar ni Januari mosi, kaskazi ikiwa imeshashika. Aliyekaa miezi bila mazoezi asianze siku hiyo kwa matembezi marefu. Aanze wiki mbili nyuma kwa dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Baada ya sala ya alfajiri ndio wakati bora, jua halijawaka. Ramadhani, mazoezi ya jioni kabla ya futari siyapendi hata kidogo kwa wazee, maana mwili umekauka kutwa nzima. Watembee baada ya kufuturu na kunywa.

Wanaomeza vidonge vya presha wawe macho zaidi. Vipo vinavyokojoza, na vipo vinavyopunguza mapigo ya moyo, hata kuhesabu mapigo kusikuonyeshe kama umejichosha. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukiweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi, mwendo unatosha. Dawa usiache mwenyewe; mwambie daktari kwamba unafanya mazoezi kwenye joto.

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au misuli kukaza ni ishara ya kusimama pale pale, kukaa kivulini na kunywa. Lakini mzee akianza kuropokwa, kuyumba au kutojua alipo, msimnyweshe kitu. Mlazeni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari la kumfikisha hospitali.