Je, wajua kwa nini mafuta yanayokuja Tanga lazima yapashwe moto njia nzima?

Asubuhi za Julai, kipupwe kikishashika, nyumba nyingi za Tanga hukuta chupa ya mafuta ya nazi imeganda, nyeupe pee. Unaipindua, hakitoki kitu. Unaianika juani, au ukiwa na haraka unaitumbukiza kwenye maji moto. Mafuta hayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ukipanda nayo Lushoto ndiyo kabisa.

Sasa ikuze chupa hiyo iwe bomba la kilometa 1,443.

Ndilo bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP kwa kifupi cha Kiingereza, kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga, ambako marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017. Kilometa 1,147 ziko upande wetu, kuanzia Kagera. Mafuta yenyewe yaligunduliwa huko Ziwa Albert mwaka 2006, na shida yake ni nta. Chini kabisa, kisimani, kuna joto la kutosha yakatiririka. Yakitoka juu yakapoa, ile nta inashikana, yanakuwa kama samli ya asubuhi ya baridi. Na samli haisukumwi kwa pampu.

Kwa hiyo yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 50 hivi mpaka baharini. Bomba, lenye upana wa inchi 24, linavikwa koti la povu gumu, kanuni ile ile ya chupa ya chai, kisha linafukiwa ardhini. Sambamba nalo zinapita nyaya za umeme za kulipasha. Mafuta yakienda kasi hayapoi sana, maana yanakuja na joto lake. Balaa ni yakisimama: pampu zikizimwa muda mrefu bila nyaya hizo, unabaki na bomba lililoziba.

Basi si yabebwe na malori? Piga hesabu. Bomba limekusudiwa kusukuma mapipa 216,000 kwa siku, yaani lita milioni 34 na ushee. Kwa lori la lita 35,000, hayo ni malori karibu 1,000 kila siku, tena ya kwenda tu. Sisi tunaopita Segera na Chalinze tunajua barabara ile ilivyo. Na Morogoro, Agosti 2019, lori moja tu la petroli lilipinduka, likalipuka, watu zaidi ya 100 wakafa.

Bomba nalo lina hofu zake, na wavuvi hawakosei kuuliza. Bahari yetu ni ya vuguvugu, lakini haifiki nyuzi 50. Mafuta haya yakimwagika yatapoa na kuwa mabonge, yaelee mpaka ufukweni. Na kusini ya mji tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938.

Jambo moja linalonichekesha ni mazungumzo ya kijiweni kwamba bomba likifunguliwa, petroli Tanga itakuwa bei ya maji. Yanayokuja ni mafuta ghafi, hayaendeshi hata bodaboda. Yatangoja meli kwenye matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja, meli ikijaa inang'oa nanga. Waja leo, waondoka leo.