Dawa za Tezi ya Thairoidi: Maswali na Majibu

Shingo yangu imevimba kama ya jirani yangu. Naweza kutumia dawa zake?

Hapana. Uvimbe wa goita hauonyeshi kama tezi inatoa homoni pungufu au nyingi kupita kiasi, na dawa za hali hizo mbili hufanya kazi kinyume. Homoni zikipungua, mgonjwa hupewa levothairoksini, ambayo ni homoni yenyewe iliyotengenezwa kiwandani; zikizidi, hupewa kabimazoli, inayoizuia tezi kutengeneza homoni mpya. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Nameza levothairoksini kila siku, mbona vipimo havibadiliki?

Kabla ya kuongezewa dozi, eleza unaimeza saa ngapi na pamoja na nini, kwa sababu mara nyingi tatizo liko hapo. Dawa hii humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Ukiishushia kwa chai ya maziwa, sehemu yake haitafyonzwa. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vinapaswa kuachana nayo kwa saa 4. Mjamzito ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwani mahitaji yake ya homoni hupanda wakati uleule anapopewa vidonge vya kuongeza damu kliniki: asiache hata kimoja, bali ameze levothairoksini alfajiri na vile vingine mchana. Anayefunga Ramadhani anaweza, kwa ushauri wa daktari, kuimeza wakati wa kulala, zikiwa zimepita saa 3 tangu alipokula.

Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya wiki 2 ni kupoteza fedha, maana dawa hujijenga mwilini polepole.

Nimeanza kabimazoli, lakini moyo bado unaenda mbio. Kwa nini?

Tezi ina akiba ya homoni, na kabimazoli haiigusi. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kwa muda huo daktari anaweza kuongeza propranololi kutuliza moyo, ila mwenye pumu lazima aseme mapema. Anayetaka kushika mimba naye aseme, kwa kuwa kabimazoli inaweza kudhuru kijusi.

Dalili gani haisubiri?

Homa au koo kuuma ukiwa unatumia kabimazoli. Kwa wagonjwa wachache dawa hii hushusha mno seli nyeupe za damu, kwa hiyo usinunue antibiotiki dukani. Acha kabimazoli na uende hospitali siku hiyohiyo ukapimwe damu.